Mchezo Uliotoka Doha

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni ninayetaka kukusimulia habari zake hakuja kwa miguu. Alikuja ndani ya mkoba, amefungwa kwa leso mbili ili asivunjike. Mgeni huyo ni mashine ya kuchezea michezo iitwayo Nintendo Switch, ambayo unaweza kuiunganisha na runinga ukiwa nyumbani, au ukaishika mikononi ukiwa njiani. Najua wengine wenu mtasema, "Ah, huyu naye ametuletea mambo ya gemu!" Walimu nao watakunja nyuso. Hebu nipeni nafasi niseme yote kwanza, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Sifa ya michezo ya kielektroniki hapa Nuu si nzuri, na sitaitetea. Sokoni kuna kibanda chenye runinga mbili na mashine za PlayStation 2, aina iliyotoka mwaka wa 2000, kabla hata sisi hatujazaliwa. Mechi moja ya mpira ni shilingi 10. Siku ya soko utakuta watoto wamejazana mlangoni kama nyuki kwenye mzinga. Mmoja ametumwa sukari, mwingine ametumwa chumvi, wote wamesahau walikotumwa. Jirani yetu mmoja alishangaa kuona gunia la ndengu linapungua na hali hajauza hata kilo. Kumbe kijana wake alikuwa akizibeba kidogo kidogo mfukoni na kuzigeuza mechi! Ndiyo sababu katika mdahalo wetu wa mwaka jana, waliosema kwamba michezo ya kielektroniki ina madhara kuliko faida walishinda bila kutoa jasho. Nami niliwapigia makofi.

Lakini Desemba ya mwaka wa 2025 niliona jambo ambalo halikutajwa na upande wowote katika mdahalo ule.

Shangazi yangu aliondoka Nuu Januari 2022 kwenda kufanya kazi za nyumbani mjini Doha, nchini Qatar. Alimwacha mtoto wake, binamu yangu, akiwa na umri wa miaka sita. Mtoto alilelewa na susu, yaani nyanya yetu, katika boma letu hili hili. Shangazi alikuwa akituma pesa kila mwezi, na mtoto hakukosa sare wala daftari. Lakini pesa haina mikono ya kumbeba mtoto. Alipokuwa akipiga simu, binamu alikuwa akikimbilia nyuma ya nyumba. Akiitwa aongee, anasema "Sina maneno." Susu ndiye aliyemwita "Mwaitu", jina ambalo sisi Wakamba humwita mama mzazi. Na mama yake mwenyewe alimwita "Shangazi", kwa kuwa ndivyo alivyotusikia sisi tukimwita.

Shangazi alirudi kwa likizo Desemba hiyo, baada ya karibu miaka minne. Alishuka kutoka kwa gari lililotoka Mwingi, mvua imenyesha, mbaazi zimechanua, vilima vya Nuu vimevaa kijani. Sote tulikimbia kumlaki. Binamu alisimama nyuma ya susu, ameshika leso yake. Shangazi alipomwinamia, alinyoosha mkono, akasalimia kwa adabu kama anavyosalimiwa chifu, kisha akarudi nyuma ya leso. Nilimwona shangazi akimeza mate. Hakusema neno.

Jioni ile ndipo alipofungua mkoba na kumtoa mgeni wetu. Alieleza kwamba watoto wa nyumba aliyofanyia kazi walinunuliwa mashine mpya, Switch 2, ambayo ilianza kuuzwa tarehe 5 Juni 2025. Ile ya zamani wakampa ampelekee mwanawe. Yeye mwenyewe hakujua kuiwasha. "Wewe si ndiye unayesoma Kiingereza?" akaniambia, akinipa kijitabu cha maelezo. Basi hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mwalimu wa jambo ambalo sikulijua.

Niliisoma mashine ile kama ninavyosoma kitabu cha fizikia. Sehemu ya katikati ni kama kibao chembamba chenye skrini ya inchi 6.2. Huko ndani ndiko uliko ubongo wote, betri, na feni ndogo ya kupoza joto. Nyuma kuna kijiti cha kuisimamisha juu ya meza, na chini ya kijiti hicho kuna tundu la kadi ya kumbukumbu kama zile za simu. Kumbukumbu yake yenyewe ni gigabaiti 32. Ubavuni, kulia na kushoto, kuna vidhibiti viwili viitwavyo Joy-Con. Wale wa kibandani huviita pedi. Hivi vinateleza kwenye reli na kuchomoka kabisa. Kila kimoja kina betri yake ya kukaa karibu saa 20, na kila kimoja kinatambua mkono wako unavyokiinamisha au kukitikisa. Ukigonga ukuta ndani ya mchezo, kinatetemeka kiganjani hata unashtuka.

Mchezo wenyewe umo ndani ya kadi ndogo kama stempu. Kijitabu kilionya kwamba kadi isiwekwe karibu na watoto wadogo. Nilikuwa nimesikia pia kwamba kadi hizo hupakwa dawa chungu ili mtoto asimeze. Nilitaka kuhakikisha. Niligusisha ncha ya ulimi. Lo! Mwarobaini ni sukari! Susu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema waliotengeneza kitu hicho lazima wana wajukuu.

Baadaye nilitaka kujua ni watu gani hao, na nilichokipata kilinishangaza. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mwaka wa 1889 katika mji wa Kyoto, Japani, ikitengeneza karata za kuchezea zenye picha za maua. Haikuanza na umeme hata kidogo. Kiwandani humo humo ndimo alimokuwa fundi mmoja, Gunpei Yokoi, aliyeajiriwa mwaka wa 1965 kuangalia mitambo ya karata. Ndiye aliyebuni vimchezo vya mkononi vya Game & Watch mwaka wa 1980, kisha akaongoza utengenezaji wa Game Boy iliyotoka mwaka wa 1989. Game Boy haikuwa na rangi, na skrini yake haikuwa na taa. Wapinzani wake walikuwa na rangi za kupendeza. Lakini wao walimaliza betri upesi, nayo Game Boy iliendelea kwa saa nyingi kwa betri nne ndogo. Yokoi aliamini kwamba kifaa cha kawaida kilichozoeleka, kikitumiwa kwa akili mpya, kinaweza kukishinda kifaa cha bei ghali. Sisi tunaoishi mahali ambapo stima huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga tunamwelewa mzee huyo vizuri sana.

Kwa miaka mingi mashine za michezo zilikuwa za aina mbili. Ya nyumbani ilifungwa kwenye runinga kama mbuzi kwenye kigingi. Ya mkononi ilikuwa huru, lakini nguvu zake zilikuwa kidogo. Wengine walijaribu kuziunganisha. Kampuni ya Sega ilitoa Nomad mwaka wa 1995, mashine ya mkononi iliyoweza kuunganishwa na runinga, lakini ilikula betri sita kwa muda mfupi. Nintendo wenyewe walitoa Wii U mwaka wa 2012 ikiwa na skrini ya kushika mkononi, lakini ukitoka nayo nje ya nyumba inakufa, kwa maana ubongo umebaki sebuleni. Mashine hiyo haikufikisha hata milioni 14 katika mauzo. Ndipo tarehe 3 Machi 2017 wakatoa Switch. Safari hii ubongo waliuweka ndani ya ile skrini. Imeuzwa zaidi ya milioni 150.

Ukiwa nyumbani unaitumbukiza ndani ya kifaa cha plastiki kilichounganishwa na soketi na runinga. Sisi tulikiita kiota, kwa sababu mashine hulala humo. Kiota hicho hakina akili yoyote. Kazi yake ni kupitisha umeme na picha tu. Lakini mashine ikiwa kiotani hupata umeme wa ukutani, basi ubongo unaongeza kasi, na picha inaweza kufika mistari 1080. Ukiichomoa, inapunguza kasi ili kuokoa betri, na skrini yake inaonyesha mistari 720. Ni kama gari. Likiwa kwenye lami ya Mwingi linakimbia, likiingia barabara yetu ya vumbi linapunguza mwendo, lakini dereva ni yule yule na safari ni ile ile. Mchezo haukatiki. Ulipoachia sebuleni ndipo unapoendelea mkononi.

Susu aliposikia maelezo hayo hakustaajabu. Alisema wachungaji walichimba vishimo ardhini huko malishoni, wakacheza kwa mbegu na vijiwe, na jua likitua wanaacha vishimo na kwenda zao. Nami nilikumbuka tuliyofundishwa hapa chamani kuhusu bao la kete la watu wa pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo huchongwa kwa mbao likawekwa barazani. Shimo la mchangani na shimo la ubao, mchezo ni wa ukoo mmoja. Wajapani wametia umeme tu.

Sasa nirudi kwa binamu. Siku tatu za kwanza alicheza peke yake. Alishika mashine kwa mikono miwili, akaupa ukuta uso na kuwapa watu mgongo. Shangazi alikaa kwenye kiti nyuma yake, akitazama kisogo cha mwanawe. Nilianza kufikiri kwamba wale walioshinda mdahalo walisema kweli tupu. Mama amesafiri kutoka Uarabuni, na mtoto anaongea na kibao!

Siku ya nne niliufikia ukurasa wa kijitabu uliokuwa na picha ya watu wawili. Kila mmoja alishika Joy-Con moja, ameilaza kama mtu anayekula mhindi. Nilikitazama kile kidhibiti upande ule unaojificha ndani ya reli. Humo mna vitufe viwili vidogo ambavyo havionekani mpaka ukichomoe, na kazi yake ni kutumika kidhibiti kikilazwa hivyo. Kwa hiyo mashine ile, tangu kutengenezwa kwake, ina nafasi ya mtu wa pili ndani yake. Huhitaji kununua kitu kingine.

Nilimwambia binamu, "Sikiza, hii kitu ni ya watu wawili. Hebu toa hiyo moja."

"Nimpe nani?"

"Mpe mama yako."

Aliangalia chini. "Shangazi hajui kucheza."

Shangazi akajibu pole pole, "Ni kweli, sijui. Si unifundishe basi?"

Wenzangu, kuna watoto wachache sana duniani wanaoweza kukataa kumfundisha mtu mzima. Alichomoa ile ya kushoto, akampa bila kumtazama usoni. Mchezo uliokuwemo ni Mario Kart 8 Deluxe, mashindano ya vigari vidogo. Shangazi alichagua sokwe kwa kuwa, alisema, anafanana naye akiamka asubuhi. Binamu alijikaza asicheke, lakini bega lilitikisika. Mbio zikaanza. Shangazi aliligonga kila lililoweza kugongwa. Akianguka shimoni, kiumbe mdogo anayepaa humwopoa na kumrudisha barabarani, naye anasema "Asante, ndugu yangu," kana kwamba kinamsikia. Alikuwa wa mwisho kila mara. Binamu alikuwa akimwelekeza kwa kidole na kwa kichwa. Jina hakumwita kabisa.

Iliendelea hivyo kwa siku kadhaa, wao wakikaa mbele ya runinga, mmoja kiti hiki na mwingine kiti kile. Halafu jioni moja mvua kubwa ikaja kutoka upande wa mlima, ngurumo ikapiga, na stima ikapotea. Runinga ikawa nyeusi. Kibandani ingekuwa ndio mwisho wa habari, na shilingi 10 yako imeenda na maji. Lakini sisi tuliinua mashine kutoka kiotani, tukaisimamisha mezani kwa kijiti chake, tukabonyeza kitufe, na mbio zikaendelea pale pale zilipokuwa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Runinga ni kubwa, inaonekana hata ukiwa mlangoni. Lakini skrini ya inchi 6.2 haikubali watu kukaa mbali. Na ikigawanywa kwa wachezaji wawili, kila mmoja ana nusu tu. Ilibidi binamu asogee. Akasogea tena. Mwishowe bega lake likagusa mkono wa mama yake, vichwa viwili vikainama juu ya mwanga mdogo, na nyumba yote iliyobaki ikawa giza na mlio wa mvua kwenye mabati.

Sokwe wa shangazi alikuwa, kwa mara ya kwanza, nambari ya tatu. Mbele kulikuwa na kona kali, na yeye alikuwa akielekea nje ya barabara. Binamu akapiga kelele, "Mwaitu, geuka! Geuka!"

Susu, aliyekuwa amekaa kando ya jiko akichambua pojo, aliinua kichwa akidhani ameitwa yeye. Alifungua mdomo aitike. Halafu akaona kwamba hakuitwa yeye, akaufunga, akainamia pojo zake. Shangazi aligeuka kona, lakini mbio zile hakuzimaliza. Alisema moshi wa jiko umeingia machoni.

Siwezi kudanganya kwamba mashine ilimrudisha mtoto kwa mamake. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekaa siku tatu akitazama kisogo bila kukasirika, na ndiye aliyekubali kuwa wa mwisho mbele ya mtoto wa miaka kumi. Lakini mashine iliwapa kitu cha kushika wote wawili, wakati ambapo hakuna hata mmoja aliyekuwa na maneno. Shangazi alirudi Doha mwishoni mwa Januari 2026, maana ada ya shule na dawa za susu havisubiri. Siku hizi akipiga simu Jumapili, binamu hakimbii. Anamweleza amefika wapi katika mbio, nani amemshinda, na kwamba yule sokwe hajaguswa na mtu mwingine.

Nisije nikaonekana kuwa mchuuzi wa Wajapani, acha nitaje na kasoro. Kwanza ni bei. Ilipotoka mwaka wa 2017 iliuzwa dola 299 huko Marekani, na Switch 2 ilianzia dola 449. Kadi moja ya mchezo kama huu wetu huuzwa dola 60. Hizo ni mbuzi kadhaa. Pili, betri ya toleo la kwanza hukaa baina ya saa 2 na nusu na saa 6 na nusu tu, kulingana na mchezo. Toleo la mwaka wa 2019 liliongezwa likafika kati ya saa 4 na nusu na 9. Bahati nzuri tundu la chaja ni sawa na la simu za kisasa, kwa hivyo hata chaja ya simu inaisaidia. Tatu, anayenunua awe macho, kwa sababu Switch Lite iliyotoka mwaka huo huo wa 2019 haiunganishwi na runinga, wala vidhibiti vyake havichomoki. Ile ni ya mtu mmoja. Jambo moja zuri ni kwamba mashine hizi zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe bila intaneti, hadi nane katika michezo mingine. Lakini hapa kwetu, tutazitoa wapi nane?

Na je, kuhusu masomo? Walimu wangu, msiwe na shaka. Susu aliweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuwasha kabla ya kazi ya shule na kazi ya nyumbani kwisha. Ya pili, hakuna kucheza peke yako. Ukitaka kucheza, tafuta mwenzako. Sheria hiyo ya pili ndiyo imetusaidia zaidi, kwa sababu mwenzako akichoka, nawe umechoka.

Kwa hiyo nikiulizwa tena katika mdahalo kama michezo hii ina madhara, sitajibu upesi kama zamani. Nitauliza kwanza: nani anacheza na nani? Kule kibandani mtoto hulipa, huketi, na muda ukiisha husukumwa akae mwingine. Hakuna anayemjua jina. Kwetu mashine ile ile ya kucheza ilimfanya mtu aitwe jina lake.

Wanachama wenzangu, nimebakiwa na ombi moja. Tuna jina la runinga, tuna jina la kikokotoo, lakini kwa mashine kama hii ya sebuleni na njiani sijasikia jina la Kiswahili lililokubaliwa. Kile kifaa cha kuilaza tayari nimewapa "kiota". Mashine yenyewe naiacha mikononi mwenu. Mwenye jina zuri alilete katika mkutano wetu wa Alhamisi.